Kalamu kwa Mzazi Asiyekuwa na Matanga

Mtu anapofiwa na mtoto katika nchi zetu hizi, hapati nafasi ya kukaa peke yake. Majirani hufika kabla jua halijatua. Jamvi hutandikwa, sufuria kubwa huazimwa, wanaume huketi nje na wanawake hujaa chumbani. Kisa cha ugonjwa wa marehemu husimuliwa na kurudiwa kwa kila mgeni anayeingia, hata mfiwa mwenyewe akajikuta amekieleza mara ishirini kwa siku tatu. Baadaye huja arobaini, na jina la marehemu hutajwa tena mbele ya watu.

Lakini yuko mzazi mwingine ambaye mtoto wake hakufa. Alimzaa, pengine akamnyonyesha siku chache, kisha akatia sahihi karatasi, na mtoto akachukuliwa na watu wengine kuwa mwana wao kisheria. Huyu hana matanga. Hakuna anayempa pole, kwa kuwa hakuna kaburi. Mara nyingi hata mume anayemwoa baadaye hajui, na watoto anaowazaa baadaye hawajui kuwa wana ndugu. Anatakiwa aendelee na maisha kana kwamba halikutukia jambo.

Je, kuandika kwaweza kumsaidia mzazi wa namna hii? Ndilo swali ninalotaka kulijadili hapa. Rai yangu ni kwamba kwaweza, kwa kiasi fulani, na kwa sababu ambayo sayansi imeanza kuieleza. Aidha, naona jambo hili linazihusu shule zetu za sekondari kuliko tunavyodhani, ingawa ushahidi mwingi ninaoutumia umetoka nchi za mbali. Nianze huko.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nchi nyingi za watu wa Magharibi ziliingia katika desturi ngumu ya kuwatenga wasichana waliopata mimba bila ya kuolewa. Msichana alipelekwa katika nyumba maalumu, mbali na mji wao, akajifungua huko, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu. Nchini Marekani inakadiriwa kuwa watoto wapatao milioni moja na nusu walitolewa kwa njia hiyo kati ya mwaka 1945 na 1973. Kwa England na Wales, kamati ya Bunge la Uingereza ya haki za binadamu ilikadiria mwaka 2022 kuwa watoto wapatao 185,000 wa akina mama wasioolewa waliasiliwa kati ya 1949 na 1976. Nchini Ireland, tume iliyotoa ripoti yake Januari 2021 ilihesabu akina mama wapatao 56,000 waliopita katika nyumba ilizozichunguza.

Namna sheria ilivyofanya kazi yafaa ieleweke, maana ndiyo iliyoleta ukimya ninaouzungumzia. Katika sehemu nyingi za Marekani, mtoto alipoasiliwa alipewa cheti kipya cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wapya, na kile cha awali kikafungiwa kwa amri ya mahakama. Kwa maandishi ya serikali, basi, yule mama hakuwa amezaa. England ilikuwa na taratibu zake, na sheria ya mwaka 1975 iliwaruhusu watu walioasiliwa, wakishafikia utu uzima, kupata habari za kuzaliwa kwao. Mama mwenyewe hakupewa haki ya namna hiyo. Ilimbidi angoje hadi Desemba 2005 ndipo ndugu wa kuzaliwa walipoweza kisheria kumwomba wakala awatafutie mtu aliyeasiliwa na kumuuliza kama yu tayari kuwasiliana nao.

Waliobuni taratibu hizi waliamini kuwa usiri ni rehema, na kwamba mama kijana akiachwa bila ya kukumbushwa atasahau. Hiyo ilikuwa nadharia, na nadharia hupimwa. Huko Australia, Robin Winkler na Margaret van Keppel waliipima, na mwaka 1984 wakachapisha matokeo ya uchunguzi wao wa akina mama 213 waliokuwa wamewatoa watoto wao. Kama usahaulifu ungekuwa dawa, huzuni ingepungua kwa kadiri miaka inavyopita. Haikuwa hivyo. Kiasi cha nusu ya wanawake hao walisema kuwa hisia yao ya kupotelewa ilizidi kukua, wengine baada ya miaka mingi sana. Waliokuwa na hali mbaya zaidi walikuwa wale waliokosa watu wa kuwaunga mkono na wale ambao hawakupata nafasi ya kuzungumza juu ya jambo hilo. Akina baba nao, ambao husahauliwa katika habari hizi, walichunguzwa Marekani mwaka 1988, ikaonekana kuwa wengi wao hawakuwa wamesahau.

Wataalamu wa saikolojia wameyapa mambo haya majina. Pauline Boss ameandika juu ya upotevu usio na ukomo wa dhahiri, yaani ule wa mtu ambaye hayupo na wala hakufa. Kenneth Doka, mwaka 1989, aliandika juu ya huzuni ambayo jamii haimpi mtu haki ya kuwa nayo. Kwa mswahili maneno haya hayahitaji maelezo marefu: ni huzuni isiyo na matanga.

Sasa tuje kwenye kalamu. Mwaka 1986, James Pennebaker na mwanafunzi wake Sandra Beall walichapisha jaribio walilolifanya katika chuo kikuu kimoja cha Dallas, Texas. Nitalieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu ni jaribio ambalo mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuuelewa mpango wake wote. Walichukua wanafunzi 46 na kuwagawa kwa bahati nasibu katika makundi manne. Kila mmoja aliandika kwa dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Kundi la kwanza liliandika juu ya mambo ya kawaida yasiyo na uzito. La pili lilieleza matukio tu ya jambo lililowaumiza maishani, bila ya hisia. La tatu lilieleza hisia tu, bila ya kusema nini kilitukia. La nne lilieleza yote mawili: lililotukia, na walivyojisikia wakati ule na sasa.

Baada ya hapo watafiti hawakuwauliza wanafunzi kama wanajisikia vizuri, maana jibu la swali kama hilo hupotoshwa kwa urahisi. Walikwenda kwenye zahanati ya chuo, wakahesabu ni mara ngapi kila mwanafunzi alifika kutibiwa katika miezi iliyofuata. Kundi la nne lilipungukiwa na safari za zahanati kuliko mengine. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika siku zenyewe za kuandika, walioandika mambo mazito walionekana na hali mbaya zaidi: walikuwa na huzuni, na shinikizo lao la damu lilikuwa juu kuliko la wenzao. Faida ilikuja baadaye. Mwalimu atakayemwona mwanafunzi akilia juu ya karatasi asidhani kuwa dawa imeshindwa, wala asidhani kuwa imefaulu.

Mwaka 1988 Pennebaker na wenzake walirudia jaribio kwa wanafunzi 50, safari hii wakiwatoa damu. Chembe nyeupe za walioandika mambo mazito ziliitika kwa nguvu zaidi zilipochokozwa katika maabara. Kwa nini maneno ya karatasini yafike kwenye damu? Maelezo ya awali yalikuwa kwamba kuficha ni kazi. Mtu anayelinda siri kila siku hutumia nguvu, kama mtu anayeushikilia mlango usifunguke, na mwili huchoka. Baadaye walipohesabu maneno kwa kompyuta, waliona jambo jingine ambalo mimi naliona lina uzito zaidi. Waliopata nafuu kubwa hawakuwa wale waliolia sana karatasini tangu mwanzo hadi mwisho. Walikuwa wale ambao, kutoka siku ya kwanza hadi ya mwisho, walizidi kutumia maneno ya kuonyesha sababu na ufahamu. Kwa Kiswahili tungetaja “kwa sababu”, “kumbe”, “sasa naelewa”. Yaani habari iliyoanza vipande vipande iligeuka kuwa kisa chenye mwanzo na mwendo.

Haifai kumdanganya msomaji kuwa kalamu ni muujiza. Joanne Frattaroli alikusanya majaribio 146 ya aina hii, na mwaka 2006 akaonyesha kuwa faida ipo, lakini kwa wastani ni ndogo. Tena huko Uholanzi, Margaret Stroebe na wenzake walipowapa kazi hii ya kuandika watu waliofiwa na waume au wake zao karibuni, hawakuona kuwa iliwaharakishia nafuu. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2002, yaliwashangaza wengi. Mimi hayakunishangaza. Mjane amekwisha kusimulia. Watu wamekuja, wamesikiliza, wamemtaja marehemu kwa jina. Kalamu ingemwongezea nini? Kwangu mimi, hilo ndilo linaloonyesha mahali pa kalamu: si penye kila huzuni, bali penye ile ambayo haijapata mtu wa kuisikiliza. Hii ni tafsiri yangu, na mwanafunzi ana ruhusa ya kuipinga, ila asiipinge kwa kusema tu kuwa kuandika ni desturi ya wazungu.

Nilipokuwa nikisoma shahada yangu ya udaktari kaskazini mwa England, nilipanga chumba kwa mama mmoja aliyekuwa na miaka 60 na kitu. Yeye aliniita kwa jina langu. Mimi ilinichukua mwaka mzima kuweza kumwita kwa lake, maana ulimi ulikataa kumwita mtu wa rika la mama yangu kwa jina tupu. Mezani kwangu palikuwa na picha ya mwanangu wa miaka miwili, niliyekuwa nimemwacha kwa bibi yake Morogoro. Siku moja aliitazama picha ile muda mrefu, kisha akaniambia kuwa yeye pia ana mwana. Alimzaa mwaka 1964, akiwa na miaka 18, akakaa naye wiki sita. Kila mwaka, mwezi wa Machi, humwandikia barua na kuitia katika kopo la biskuti. Mume wake alikufa bila ya kulijua kopo lile.

Aliniambia kuwa barua za miaka ya mwanzo zilikuwa za kuomba radhi tu, zote zikifanana, hata yeye mwenyewe alichoka kuzisoma. Miaka mingi baadaye ndipo alipoandika kwa mara ya kwanza kuwa hakumtoa mtoto kwa hiari: hakuwa na mshahara, hakuwa na mahali pa kulala, na baba yake alikuwa amesema asirudi nyumbani na mtoto mikononi. Yote hayo aliyajua tangu siku ile. Lakini hakuwa amewahi kuyaweka katika sentensi moja yenye “kwa sababu” katikati yake. Baada ya barua ile, alisema, aliweza kuandika mambo mengine, ya mvua na ya bustani, kama mama anayemwandikia mwana aliyeko safarini. Mfano wa mtu mmoja si ushahidi, na mwalimu wa sayansi atanikumbusha hivyo. Nimeutaja kwa kuwa kabla ya kukutana naye nilikuwa nimesoma juu ya kuhesabu maneno nisielewe kilichokuwa kikihesabiwa. Mwaka 2012 nilipoondoka alikuwa bado hajamtafuta huyo mwana. Alisema anaogopa kugonga mlango wa mtu.

Kuandika kwa siri ni hatua moja. Iko nyingine, ya kumwandikia mwenzako aliyepatwa na jambo lile lile. Mwaka 1976, katika jimbo la Massachusetts, Lee Campbell alianzisha chama cha wazazi waliowatoa watoto wao, Concerned United Birthparents, na wanachama wakaanza kupeana habari zao. Mama aliyedhani kwa miaka 20 kuwa ni yeye peke yake duniani mwenye aibu hii alikuta maneno yake mwenyewe yameandikwa na mtu wa mji mwingine. Nako Australia, Seneti ilipofanya uchunguzi juu ya uasili wa kulazimishwa, ilipokea mamia ya maelezo ya maandishi, mengi yakiwa ya akina mama wenyewe. Ripoti ilitoka Februari 2012, na tarehe 21 Machi 2013 Waziri Mkuu Julia Gillard aliomba radhi kwa niaba ya taifa.

Nayataja haya kwa makusudi, kwa sababu nina wasiwasi na watu wanaoisifu kalamu kupita kiasi. Ni rahisi sana kwa serikali, au kwa shirika la dini, kumwambia mama, “Andika utapoa,” huku faili lake likiwa kabatini na ufunguo uko mfukoni mwa afisa. Mama anayetaka kujua kama mwanawe yu hai anahitaji jibu, wala si daftari. Kuandika humpa lugha ya kudai jibu hilo. Hakuwezi kuwa badala yake. Vile vile hadhari inahitajika juu ya mtoto. Kisa cha mama ni chake, lakini ndani yake yumo mtu mwingine ambaye hakuulizwa. Anayeandika ili watu wengine wasome afiche jina, mji na tarehe, kwa maana yule mtoto naye ana wazazi waliomlea, na ana haki ya kuchagua nani ajue habari za kuzaliwa kwake.

Msomaji atasema: haya ni ya Ulaya na Marekani, sisi mtoto hatupotezi, hulelewa na bibi au shangazi, na kila mtu anamjua mama yake. Kwa sehemu kubwa ni kweli, nami ni shahidi, maana wangu alilelewa hivyo. Waislamu nao wana katazo la wazi katika Sura ya Al-Ahzab: mtoto anayelelewa hanyang'anywi nasaba ya baba yake. Hata hivyo kuasili kwa amri ya mahakama kupo. Tanzania kunasimamiwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2022. Kila amri ya namna hiyo inayotolewa ina mahali fulani mzazi aliyemzaa mtoto huyo, isipokuwa kama amekufa.

Tena liko kundi ambalo walimu wanalo mbele ya macho yao. Kenya imekuwa na sera ya kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua tangu mwaka 1994. Tanzania ilitangaza Novemba 2021 kuwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito waruhusiwe kurudi katika shule za mfumo rasmi. Ni uamuzi wa haki, uliochelewa. Lakini tumeutazama kwa hesabu ya viti na sare. Msichana anayerudi kidato cha pili amemwacha nyumbani mtoto wa miezi minane, ambaye huenda amefundishwa kumwita bibi “mama” na yeye “dada”, ili majirani wasiulize. Huyu hakumtoa mtoto mahakamani. Lakini anaishi na ukimya wa jamaa moja na ule wa yule mama wa kopo la biskuti, na anauishi akiwa na miaka 16, darasani, huku akitakiwa kutaja mito mikubwa ya Afrika.

Kwa ajili yake ningependekeza daftari lisilosahihishwa. Namaanisha daftari la kawaida la kurasa 40, ambalo mwalimu wa ushauri nasaha, au yeyote anayeaminiwa na msichana huyo, anampa na kumweleza kwa faragha yaliyojulikana katika majaribio: aandike dakika 15 au 20, siku tatu au nne mfululizo, lililotukia pamoja na alivyojisikia; aandike kwa lugha yoyote, hata ya nyumbani kwao; asijali tahajia. Akitaka amwandikie mtoto barua, na amwandikie. Akiona kuwa jambo fulani litamzidi nguvu, aliache na kuandika jingine. Pennebaker mwenyewe ameshauri hivyo. Asipewe kazi hii katika majuma ya kwanza baada ya msiba, wakati jeraha li bichi. Na asilazimishwe kamwe.

Lisichanganywe jambo hili na insha. Nimewahi kusikia mwalimu akitoa kichwa cha habari “Siku Nisiyoisahau”, kisha akasoma kazi za wanafunzi kwa sauti mbele ya darasa ili kuonyesha makosa ya sarufi. Sijui kama yako madhara makubwa zaidi ambayo mwalimu aweza kuyafanya kwa kalamu nyekundu peke yake. Kama habari ya siri imeandikwa, na ibaki ya mwandishi. Mabweni yetu hayana makabati yenye kufuli, na nyumbani karatasi husomwa na kila mtu, kwa hiyo shule itenge sanduku la kufungwa katika ofisi ya ushauri, au msichana achane kurasa mwenyewe akishamaliza. Faida haikai katika karatasi.

Limebaki jambo moja gumu. Mimba nyingi za wanafunzi zimetokana na makosa ya jinai, na baadhi ya waliotenda ni jamaa au walimu. Mwanafunzi akichagua kumwonyesha mwalimu ukurasa wenye habari kama hiyo, mwalimu hawezi kuurudisha na kunyamaza. Itambidi apeleke taarifa kwa ustawi wa jamii au polisi. Na aambiwe hivyo mapema, siku ile anapokabidhiwa daftari, ili ajue ni kurasa zipi ataonyesha na zipi atabaki nazo mwenyewe.